Majibu ya vipimo vya risasi kwenye maji yasiyumbe

Mhariri,

Maji ya Chunya yakipimwa risasi (ile metali yenye sumu) kwa elektrodi, yaani kijiti kinachopima kwa umeme, mara tatu na kutoa majibu matatu tofauti, tusikimbilie kulaumu mashine. Tuanze na chupa. Risasi hunata kwenye kuta zake, hasa za kioo, kwa hiyo sampuli itiwe asidi ya nitriki safi papo hapo mtoni hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke chini ya 2. Chupa iwe ya plastiki, iliyolowekwa usiku kucha kwenye asidi hiyo ya asilimia 10.

Uso wa elektrodi ya kaboni nao ukishika utando, kilele cha mchoro wa mkondo wa umeme, ambacho ndicho huonyesha kiasi cha risasi, hufifia kipimo baada ya kipimo. Usuguliwe kwa unga laini wa alumina (oksidi ya alumini) wa chembe za mikromita 0.05.

Kinachosahaulika mno huku nyanda za juu ni baridi. Mkondo huo hupanda takribani asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo kipimo cha asubuhi ya Julai hapa Mbeya hakiwezi kulingana na cha saa nane mchana. Sampuli ziachwe kwanza zifikie joto la chumba. Kasi ya kukoroga na sekunde za kukusanya risasi kwenye uso wa elektrodi zisibadilishwe kabisa kati ya kipimo na kipimo. Kisha risasi ya kiasi kinachojulikana iongezwe kwenye sampuli ileile, si kwenye maji matupu, ili kupanda kwa kilele kutumike kukokotoa risasi iliyokuwamo.

Fundi wa maabara,
Mbeya