Si kila sarafu yenye Kilatini ni ya Warumi

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na masonara na wanunuzi wa vitu vya kale hapa Mwanza. Ukiletewa kisarafu cha fedha chenye kichwa cha mtawala na maneno GUILELMUS II IMPERATOR, usikiite cha Kirumi. Huyo ni Wilhelm II wa Ujerumani, na hiyo ni rupia ya enzi za Wajerumani. Rupia nzima haisumbui, ina gramu 11.66. Inayopotosha ni robo: gramu 2.9, upana milimita 19 hivi, karibu sawa na dinari, sarafu ya fedha ya Warumi. Lakini robo ni duara kamili, ukingo una meno ya mashine, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu, mfano 1891. Dinari iligongwa kwa nyundo, ndiyo maana umbo huenda upande na ukingo mara nyingi una nyufa.

Ikivuka hapo, ipime kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Dinari za kabla ya Kaisari Nero kupunguza uzito mwaka 64 B.K. hukaribia gramu 3.9, za baadaye 3.4. Zilizolika hushuka zaidi. Kichwa chenye taji la miali ya jua huashiria antoniniani, sarafu nyingine ya Warumi, iliyoanza mwaka 215.

Maandishi kwa kawaida huanzia chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa, bila nafasi za kuaminika kati ya maneno, na V husimama badala ya U. Jina peke yake halitoshi. ANTONINVS limewababaisha wengi, maana makaisari kadhaa walilitumia: AVG PIVS (AVG ni Augustus, cheo cha kaisari) kwa mpangilio huo ni Antoninus Pius, PIVS AVG ni Caracalla au Elagabalus. BRIT (Britannicus, jina la heshima) ikifuata, ni Caracalla, kuanzia mwaka 210. Nyota upande wa nyuma mara nyingi ni dalili ya Elagabalus. Kwa Kaisari Trajan, soma COS, yaani amekuwa konsuli mara ngapi: COS V ni kati ya 103 na 111, COS VI ni kuanzia 112.

Msiisugue kwa ndimu wala mchanga. Herufi ndizo zinazotoka kwanza, na bila herufi hakuna utambuzi.

Kipimo cha maji cha wanunuzi wa dhahabu, cha kulinganisha uzito wa kitu na wa maji kinayoyasukuma, hufichua shaba iliyovikwa fedha (Warumi wenyewe walighushi hivyo), ila kwa gramu 3 maji yanayosukumwa ni gramu 0.3 tu, hata kiputo kimoja cha hewa huharibu hesabu. Bandia ya leo iliyotengenezwa kwa fedha halisi hupita kipimo hicho salama.

Msomaji,
Mwanza