Kambi ya ziwani huchaguliwa kuanzia majini

Mhariri,

Makala yenu ya kuwashauri wenye magari-nyumba jinsi ya kuchagua kambi niliisoma yote. Umeme mmeutaja, intaneti mmeitaja, vyoo na kivuli mmevitaja. Ziwa lenyewe limepata sentensi moja, tena ya kusifia mandhari. Anayekwenda kulala na kuondoka itamtosha. Sisi tunaosafiri na kayaki, mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, juu ya paa, ziwa ndiyo safari yenyewe na gari ni chumba cha kulala tu. Naomba nafasi nieleze yaliyoachwa.

Kambi inaweza kuliona ziwa isilifikie. Ipo moja, sitaitaja, ambayo tangazo lake lilijaa maji ya bluu. Kufika, kati ya gari na maji kuna barabara ya lami, uzio wa jirani, kisha ngazi za mawe zinazoshuka kwa kona. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja ina kilo 20 hadi 30 hivi na urefu wa mita 3 au zaidi. Jaribuni kuikatisha kona ya ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma, naye wa nyuma, mke wangu, ana goti bovu. Kigari cha magurudumu mawili tulichokibeba kwa kazi hiyohiyo kilibaki juu kikituangalia. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kulipia chochote napiga simu: kutoka ninapoegesha hadi majini ni mita ngapi, na katikati kuna nini? Nyasi, mchanga, mawe, ngazi? Na pa kuingilia majini ni petu peke yetu au tunagawana na boti za injini? Mteremko wa zege wa boti huwa na utelezi wa mwani, na ukikaa pale unafunga jaketi lako la kuokolea, nyuma yako kuna mtu na trela anapiga honi.

Swali linalowashangaza mameneja wengi ni la upepo: ufuko wenu unatazama wapi? Jua hupasha joto nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kwenye maziwa makubwa asubuhi mara nyingi huwa shwari, halafu kuelekea adhuhuri upepo unaanza kuja ufukweni na kukolea alasiri. Usiku mambo hugeuka. Juu ya huo kuna upepo wa msimu, na hapo sura ya ziwa ina neno lake, kwa sababu kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji bila kizuizi ndivyo mawimbi yanavyokua. Kambi iliyo kwenye ncha ya ziwa refu na jembamba, upepo ukivuma kwa urefu wake, itapokea mawimbi yote ya njiani. Iliyojificha kwenye ghuba ya pembeni, nyuma ya rasi, inakuwezesha kupiga kasia siku ambayo wenzako wa upande ule wanacheza karata.

Ninaouogopa zaidi ni upepo unaotoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukiwa ufukweni huuoni, maana miti imekukinga na maji ya karibu yametulia. Ukishatoka nje ya kinga ile, unasukumwa mbele na unajiona fundi. Shughuli ni kurudi. Kwenye maji shwari mpiga kasia wa kawaida huenda kilomita 5 hivi kwa saa. Upepo mkali ukimkabili usoni anaweza kumaliza nguvu zote na asisogee. Kambi yenye boti ya injini na mtu wa kutazama ziwa naithamini kuliko yenye bwawa la kuogelea.

Sasa kuna mtego. Katika maziwa mengi ya Afrika, ghuba hiyohiyo iliyotulia, yenye matete na maji ya vuguvugu, ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na mwenye kayaki husimama majini kila anapopanda na kila anaposhuka. Ufuko wa wazi, wenye mchanga na mawimbi, una hatari ndogo zaidi, japo si kwamba hauna. Matete hayo pia huwavutia mamba na viboko. Mimi hutafuta katikati: ghuba yenye mdomo mpana, ardhi ya mchanga au changarawe, matete mbali. Tena huuliza wavuvi wa hapo wanateremshia wapi mitumbwi yao. Kwenye Ziwa Victoria ongezeni magugumaji, ambayo huelea kwa mafungu makubwa yakisukumwa na upepo. Ufuko uliolala wazi unaweza kuamka umezibwa.

Maji nayo hayakai mahali pamoja. Mwaka 2022 Ziwa Mead la Marekani, ambalo ni la bwawa, lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu lilipokuwa likijazwa miaka ya 1930, na sehemu nyingi za kuteremshia boti zikabaki juu pakavu. Maziwa ya Baringo na Naivasha nchini Kenya yamefanya kinyume: maji yamepanda yakafunika majengo yaliyokuwa nchi kavu. Ziwa la bwawa mwishoni mwa kiangazi linaweza kukuachia uwanja wa tope kabla hujafika kwenye maji, na kayaki haivutwi kwenye tope kwa raha.

Kuhusu gari sina mengi, ingawa nimestaafu udereva wa malori na wengi wangetegemea nianzie hapo. Msiulize kama umeme upo, ulizeni ni ampea ngapi. Soketi ya ampea 10 kwenye volti 230 hutoa wati 2,300. Washeni birika na kiyoyozi kwa pamoja muone. Pimeni kimo cha gari kayaki zikiwa juu, si kabla, kwa sababu matawi hayajali kilichoandikwa kwenye kadi ya gari. Na pa kumwagia majitaka pawe mbali na ufuko, upande ambao mvua haiyapeleki ziwani. Naitrojeni na fosforasi za majitaka hulisha mwani, na mkiona maji yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msiingie wala msimwache mbwa anywe. Baadhi ya aina za mwani huo zina sumu ya kuua mbwa.

Ombi langu ni dogo. Mkichapisha tena habari za kambi ya ziwani, mtakeni mwenye kambi aseme ufuko wake unatazama wapi, ni mita ngapi kutoka maegesho hadi majini, na maji hushuka hadi wapi wakati wa kiangazi. Picha ya ufuko iwe na tarehe.

Wenu,
Dereva mstaafu, mpiga kasia