Kwa Dada Yangu wa Langoni, Kuhusu Presha Yako

Dada yangu mpenzi,

Baada ya salamu, nataka tuzungumze juu ya presha yako, ambayo Lamu nzima imeshaipatia sababu: huyu ataja chumvi, yule husuda, na shangazi yetu, kama umjuavyo, ameshaamua kuwa ni jini. Chumvi siikatai. Lakini hakuna aliyekumbuka miaka uliyokuwa ukilala nusu macho, ukisikiliza mlango, ili ujue baba amerudi na hali gani.

Mtoto akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, yaani homoni za hofu, moyo humwenda mbio, sukari hupanda katika damu, na hatari ikipita mwili hutulia. Lakini ambaye hatari yake yalala naye nyumba moja hapati nafasi ya kutulia, na hali hiyo ikiendelea kwa miaka huvuruga usingizi, huumiza mishipa ya damu na kuuacha mwili na uvimbe wa ndani kwa ndani, ambao huchangia presha, kisukari na maradhi ya moyo.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walianza kuchapisha matokeo ya utafiti wa San Diego juu ya mateso ya utotoni na maradhi ya ukubwani, ambao kwa jumla ulihusisha watu zaidi ya 17,000, wengi wao wasomi wenye bima ya matibabu; kwa hiyo asikwambie mtu kwamba haya ni ya maskini tu. Kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo maradhi ya moyo, saratani na sonona yalivyoonekana zaidi. Sehemu ya madhara hupitia sigara, ulevi na ulaji, ambavyo wengi huvitumia kujituliza.

Hata hivyo, hesabu ya maelfu haimtabirii mtu mmoja, na inajulikana kwamba mtu mzima mmoja mwenye upendo wa kudumu humpunguzia mtoto madhara. Wewe ulikuwa na bibi, na mimi naamini ndiye aliyekuokoa.

Ninalokuomba ni kwamba siku ya kliniki, daktari akishakuuliza unakula nini, umwambie pia ulivyolelewa, na umuulize kuhusu ushauri nasaha. Aibu si yako. Dua za shangazi zipokee, ila vidonge usiviache hata siku moja.

Nduguyo