Mashine ya Kupumulia Inapogombana na Mgonjwa Anayepumua Mwenyewe

Ndugu wengi wanaokodi mashine kwetu kwa ajili ya mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali hudhani mashine ndiyo itakayopumua. Kwa mgonjwa anayepumua mwenyewe sivyo: mashine humsubiri. Anapoanza kuvuta pumzi, presha ndani ya bomba hushuka kidogo sana, kama sentimita 1 au 2 za maji, au mtiririko wa hewa hubadilika kwa lita chache kwa dakika. Sensa hunasa badiliko hilo na papo hapo mashine humsukumia hewa. Pumzi kaianzisha yeye. Mashine imempokea sehemu ya mzigo.

Tuseme daktari ameandika presha ya 12 kwa 5, kwa sentimita hizohizo za maji. Ile 5 hubaki hata anapotoa pumzi, ili vifuko vidogo vya mapafu visinywee. 12 ni ya wakati wa kuvuta. Tofauti yake, 7, ndiyo msaada wenyewe. Namba hizo ni sawa na dozi ya dawa, kwa hiyo tafadhali msizibadilishe nyumbani hata mgonjwa akilalamika.

Kazi ngumu zaidi ya mashine ni kujua kwamba mgonjwa ameshiba hewa. Hupima mtiririko: kama kilele kilikuwa lita 40 kwa dakika, ukishuka hadi robo, yaani 10, mashine nyingi huacha kusukuma. Sasa fikiria barakoa inavujisha lita 15 pembeni mwa pua. Mtiririko hautafika 10. Mashine hufidia uvujaji kwa kiasi, na ina ukomo wa muda, lakini ukizidi itaendelea kupuliza wakati mgonjwa anataka kutoa pumzi. Utamwona anakaza tumbo, anang'oa barakoa. Watu husema "ameikataa mashine", kumbe barakoa haijakaa sawa.

Mnawishe uso kwanza, na msimpake mafuta ya mgando: barakoa huteleza, na penye oksijeni mafuta hayo ni hatari ya moto. Kila mkanda uache nafasi ya vidole viwili. Ukikaza mno, mto wa silikoni hujikunja, uvujaji huongezeka, na mgonjwa hupata kidonda juu ya pua.

Kuna uvujaji mmoja ambao hauzibwi kamwe. Kwenye mashine za bomba moja, tazama barakoa au kiungo chake: utaona vitundu vidogo vinavyopuliza muda wote. Hapo ndipo hewa ukaa anayoipumua mgonjwa inapotoka nje. Tunakuta vimezibwa kwa plasta na ndugu mwenye nia njema, na mgonjwa anavuta tena hewa aliyokwisha kuitoa.

Tatizo jingine ni maji ndani ya bomba, hasa chumba kikiwa na kiyoyozi: mvuke wa chombo cha unyevu hupoa, huwa maji na kutuama pale bomba linapolegea. Maji yakitikisika, sensa hudhani mgonjwa amevuta pumzi. Hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Ukipata 18 na kioo cha mashine kinaonyesha 30, mwaga maji yaliyo ndani ya bomba, weka mashine chini ya usawa wa kichwa, na ulifunike bomba kwa kitambaa. Chombo cha unyevu kijazwe maji yaliyokenekwa kutoka duka la dawa, si maji ya betri, wala ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, nayo huacha ukoko mweupe.

Angalieni yuniti za LUKU kabla ya kulala. Umeme ukikatika na mashine ikahamia kwenye betri, zimeni hita ya unyevu, maana hiyo ndiyo hula chaji kuliko kitu kingine.

Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, akawa na usingizi usioamshika, au midomo ikawa ya bluu, mpelekeni hospitali mara moja. Fundi atapigiwa simu mkiwa njiani.