Somo, usikate chesisi kwanza

Somo yangu,

Salamu za huku Mikindani. Sisi wazima, mvua imeshika siku ya tatu leo na bahari imechafuka, ndo maana nimepata muda wa kukaa nikuandikie vizuri badala ya kukujibu juu juu kwenye simu. Pole tena na msiba wa mjomba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kwamba amekuachia ile Land Rover 109 yake na fundi wako hapo Lindi anataka aikate chesisi, yani ile fremu ya chuma inayobeba gari, kule mbele, atoe springi za pleti, zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, aweke ekseli ya Defender na koili zake, springi za kuzunguka, eti gari itakuwa laini kama Prado. Nakuomba sana somo, asishike grainda mpaka umalize kusoma hapa.

Mi sipingi koili. Koili ni nzuri na Land Rover wenyewe walilijua hilo, Range Rover ya 1970 ilitoka na koili miguu yote minne, 1983 wakaleta One Ten, mwaka uliofuata Ninety, ndo hizo zilizokuja kuitwa Defender, na Series III kama ya mjomba ikakoma kutengenezwa 1985. Kwahiyo kama ni ulaini wa safari fundi wako hakudanganyi. Ila wale walipohama walihama na kila kitu, chesisi yake, usukani wake, ekseli pana kuliko yako karibu inchi 7 tairi kwa tairi, yani ukiifunga kwenye 109 matairi yanatokeza nje ya madigadi. Alafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawakuelezi. Springi ya pleti haibebi uzito tu, yenyewe ndo inashika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Koili inabeba uzito basi, haishiki kitu. Ukiiweka lazima uongeze mikono miwili ya kuvuta ekseli kutoka kwenye chesisi, na rodi ya Panhard ya kuizuia isicheze pembeni, na kila kimoja kinataka mabano ya kuchomelea mahali pake hasa. Rodi ya Panhard ikikaa pembe tofauti na rodi ya usukani, gari ikigonga shimo usukani unakukata mkononi bila we kuugeuza.

Hili limenikuta mwenyewe. Unaikumbuka ile 109 yangu ya kwanza, ya kijani? Niliipeleka gereji moja hapa mjini, wakakata vishikilio vya springi za mbele, wakachomelea viti vya koili walivyotoa kwenye gari bovu. Mwezi wa kwanza nilifurahi sana, sikatai. Mwezi wa pili usukani ukaanza kutetemeka nikifika 60. Wa tatu tunaenda Msimbati, tumeshapita Madimba, kwenye ule mchanga nikasikia mlio wa kitu kuchanika, si kuvunjika, kuchanika, na tairi la kushoto likarudi nyuma likagusa madigadi. Nikashuka nikalala chini kuangalia. Weldingi yenyewe ilikuwa nzima kabisa, kilichochanika ni chesisi pembeni ya weldingi. Kumbuka chesisi ya Series ni boksi la bati la kama milimita 2, na hizi za kwetu za pwani zimeshaliwa na chumvi kwa ndani, kwa nje unaona rangi tu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na pa kurudi, vile vishikilio vya zamani walishavitupa. Gari ile niliuza chuma chakavu na mpaka leo nikipita pale ilipokuwa inalala roho inaniuma.

Sasa turudi kwa yako. Umesema ngumu, inayumba, inalalia upande wa dereva. Somo, hayo matatu yote mi naona ni gari mgonjwa, sio gari iliyotengenezwa vibaya. Mjomba alibeba korosho na hiyo gari toka Nachingwea miaka na miaka, nenda kahesabu pleti za mbele na uziangalie moja moja, nina hakika utakuta kuna za lori zimeongezwa ili isishuke na mzigo. Ukishusha magunia ukabaki we na mkeo, springi ile haikunji tena, imekuwa kama boriti. Na zilizobaki zimeshikana kwa kutu. Springi ya pleti inafanya kazi kwa pleti kutelezana, zikigandana unapigwa wewe.

Yangu ya sasa nilipoifungua, nilikata senta bolti nikidhani pleti zitaachana zenyewe, zikabaki zimeshikana kama mkate, nikazigonga na nyundo ndo zikaachia na kutu ikadondoka vipande vipande vyembamba kama magamba ya changu. Nilizisugua kwa brashi ya waya moja moja, mchana mzima, nikapaka grisi ya grafaiti, nikarudisha zile za kiwandani tu. Bushi zote, zile za kwenye ncha za springi, mpya. Na hapa ndo wengi wanaharibu, zile bushi za raba usizikaze gari ikiwa juu ya jeki, funga kwa mkono, shusha gari ikae na uzito wake, itikise, ndo ukaze mpaka mwisho. Ukikaza ikiwa inaning'inia raba inabaki imejinyonga na haimalizi msimu.

Kulalia upande inawezekana ni springi zimebadilishana tu. Za mbele kushoto na kulia si sawa, ya upande wa dereva imekunjwa zaidi kiwandani kwa sababu ya uzito unaokaa upande ule. Fundi asiyejua anazirudisha vyovyote.

Kuyumba nako usikimbilie springi. Kuna rilei ya usukani, kile kiungo kinachopitisha mzunguko wa usukani kwenda kwenye matairi, imekaa ndani ya chesisi kule mbele, ina oili yake, na ikikauka inakaba, usukani haurudi wenyewe ukitoka kona. Kingpini nazo, zile pini ambazo tairi la mbele linageukia, zina shimu, vibati vyembamba vya kupunguza na kuongeza, unapima ugumu wake kwa mizani ya ndoano ukivuta mkono wa usukani, tairodi, rodi inayounganisha matairi mawili ya mbele, ikiwa imetolewa. Mi nilitumia ile mizani tunayopimia samaki hapa ufukweni, na upande mmoja ulikuwa umelegea hadi mizani haikusogea kabisa. Nilipoondoa shimu mbili gari ikanyooka, na nilikuwa nimeshaanza kuitukana springi.

Ukimaliza yote hayo na bado unaona ngumu, basi weka springi za parabolic. Ni pleti chache, mbili au tatu, nene katikati zinaenda zikipungua, na zinagusana katikati na mwishoni tu kwahiyo msuguano ni mdogo. Zinaingia kwenye vishikilio vile vile, bolti kwa bolti, hukati kitu. Lakini kwa sababu msuguano umepungua shokapu ndo inabeba kazi yote ya kutuliza gari, za zamani zilizokufa hazitafaa, itarukaruka. Na usimruhusu mtu akuongezee sheko ndefu, vile vipande vinavyoning'iniza ncha ya springi, ili gari iwe juu, zinabadilisha pembe ya kasta, yani mlalo wa kingpini, na usukani unaharibika upya. Springi za mjomba zipake grisi uzifunge kwenye gunia uziweke stoo, siku ukizitaka zipo.

Mi naipenda hiyo gari somo. Tulipanda nyuma yake tukiwa wadogo, magoti yanagusana kwenye yale mabenchi ya pembeni, mjomba akisimama kila njia panda kupakia watu. Ningependa mwanao akae mahali pale pale akisikia mlio ule ule wa springi.

Jumamosi ijayo nakuja Lindi na basi la asubuhi. Nitabeba mizani, brashi za waya na kopo la grisi. We tafuta jeki mbili na magogo imara ya kuwekea chini ya chesisi, na mwambie fundi wako na yeye aje, tuifungue pamoja. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zianze kulowekwa dizeli kuanzia leo.

Nisalimie mama watoto na bibi.

Ni mimi somo yako,
Mikindani