Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Msimu wa 2023

Ndugu wanachama,

Timu yetu ya Chuo Kikuu cha Michigan, katika mpira wa miguu wa Kimarekani wa vyuo, ilicheza mechi 15 na kushinda zote. Ubingwa wa taifa uliotangulia ulikuwa wa 1997, na ule tuligawana na Nebraska. Safari hii hatugawani na mtu.

Mechi tisa za kwanza sitazisoma moja moja. Kila mara tulipata pointi 30 au zaidi, na hakuna mpinzani aliyevuka 13. Kazi yenyewe ilianza Novemba 11 ugenini kwa Penn State. Siku moja kabla, uongozi wa Big Ten, ligi ya vyuo tunayochezea, ulimzuia kocha Jim Harbaugh kusimamia mechi tatu za mwisho za ratiba ya kawaida, kwa shauri la upelelezi wa ishara za wapinzani. Tatu za kwanza alikwisha kuzikosa kwa adhabu ya chuo chenyewe, kwa shauri jingine. Doa hilo lipo, na halifai kufichwa katika taarifa hii.

Sherrone Moore, aliyeshika nafasi yake, aliamua kukimbia na mpira tu, bila kurusha pasi. Takwimu rasmi za kipindi cha pili hazina pasi yetu hata moja. Wengi wenu mlilalamika kwamba mchezo unachosha. Hesabu yake ni hii: timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10 ili ibaki na mpira. Mkimbiaji akipata yadi 4 kila jaribio, matatu yanatosha. Tena pasi isiyodakwa husimamisha saa, ilhali mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa huendelea, na wapinzani wanaongojea mpira wanazidi kuishiwa muda. Tulishinda 24-15.

Dhidi ya Ohio State tulimpoteza Zak Zinter, gadi wa kulia (mchezaji wa safu ya mbele anayewafungulia njia wakimbiaji), aliyevunjika mguu robo ya tatu. Karsen Barnhart alivutwa ndani kuchukua nafasi hiyo, Trente Jones akaingia pembeni pake. Mchezo uliofuata papo hapo mkimbiaji wetu Blake Corum alikimbia yadi 22 hadi eneo la kufunga. Matokeo yakawa 30-24. Kwa maoni yangu ubingwa ulipatikana hapo: safu ya mbele ilikuwa na watu wa akiba waliozoeana.

Nusu fainali ya Rose Bowl dhidi ya Alabama nusura tuitupe wenyewe. Mpira tuliopigiwa kwa mguu ulitutoka mikononi ukaokotwa na Alabama, pointi ya ziada baada ya kufunga ikaharibika mpira ulipopelekwa vibaya kwa mshikaji, na mkwaju mmoja wa kupitisha kati ya nguzo ukakosa. Ndipo tukajikuta nyuma 20-13. Jaribio la nne, zimebaki yadi 2, tukiwa upande wetu wa uwanja, mrusha pasi wetu J.J. McCarthy alimpasia Corum na tukabaki na mpira. Mdakaji Roman Wilson akasawazisha ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 34. Muda wa nyongeza Corum alifunga kwa mbio ya yadi 17, kisha safu ya ulinzi ikamzima Jalen Milroe, mrusha pasi wa Alabama, katika jaribio lao la mwisho lililoanzia yadi 3 kutoka mstari wa kufunga. 27-20.

Fainali ya Houston dhidi ya Washington, Januari 8, 2024, ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Mkimbiaji Donovan Edwards alifunga mara mbili robo ya kwanza, kwa mbio za yadi 41 na 46. Washington walijikongoja hadi 20-13, lakini robo ya nne Corum alifunga mara mbili. Jumla tulikimbia yadi 303, wao 46. 34-13.

Baada ya msimu huo Harbaugh aliondoka kwenda timu ya kulipwa ya Los Angeles Chargers, na mwaka 2024 Moore akawa kocha mkuu. Msimu wa 2024 mchujo wa ubingwa ulikuwa na timu 12 badala ya 4, na Washington waliingia Big Ten. Tuliwafuata Seattle Oktoba 5, 2024.

Kwa wanachama walioko Dar es Salaam na Nairobi: mechi ya saa sita mchana ya Ann Arbor ni saa 1 usiku kwenu. Wamarekani wakirudisha saa nyuma, Jumapili ya kwanza ya Novemba, inakuwa saa 2 usiku. Wanaoandaa kumbi wabadilishe matangazo mapema. Fainali ya Houston ilianza kwenu saa 9 na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, na kumbi nyingi hufungwa kabla ya hapo, kwa hiyo ruhusa ya usiku iombwe Desemba.