Tende na madafu kwa mgonjwa wa figo

Mhariri,

Kwa mwenye figo dhaifu, saumu ina hatari mbili. Mchana mwili hukauka, figo zikapungukiwa damu. Magharibi zinaingia tende, madafu na muhogo wa nazi, vyote vimejaa potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa; yakizidi, moyo huenda mrama. Tende moja yatosha (nani huishia moja, Mombasa hii?), madafu yaachwe. Muhogo ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, yamwagwe, ndipo utiwe tui. Maji hayo yasigeuzwe mchuzi. Kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ipimwe kabla ya Ramadhani, na tena mfungo ukiendelea. Aliye katika hatua ya 4 au ya 5 (ya mwisho) ya ugonjwa wa figo, au anayesafishwa damu, asijilazimishe: Al-Baqara 2:184 imempa fidia, kulisha maskini.

Msomaji,
Majengo, Mombasa